Nguo za zamani zenye mzaha: jinsi ya kuzisaka safarini na mtandaoni

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Napenda nguo zenye mzaha: koti lenye vifungo vya ajabu, gauni lenye mkanda wa kuchorwa, mkoba wenye umbo la kitu kingine kabisa. Nikisafiri hupita kwenye masoko ya nguo za zamani, na nikiwa nyumbani hupekua mtandaoni. Tatizo ni kwamba mara nyingi narudi na kitu kinachochekesha siku ya kwanza tu, au kinachoanza kupukutika nikikivaa mara mbili, au chenye lebo ya mbunifu mkubwa ambayo moyoni siiamini. Nifanyeje?

Jibu: Salama, ndugu. Matatizo yako matatu yana mzizi mmoja. Unautazama mzaha wenyewe, hutazami ulivyotengenezwa. Kabla ya kugeuza kola kutafuta lebo, jiulize: mzaha huu umeshonwa ndani ya nguo, au umebandikwa tu juu yake?

Fulana yenye maneno ya kuchekesha kifuani ni mzaha wa kubandika. Maneno yale yale ungeweza kuyaweka kwenye kikombe na yasipungukiwe na kitu. Sasa linganisha na sweta jeusi la mbunifu wa Paris, Elsa Schiaparelli, la mwaka 1927, lenye fundo kubwa jeupe shingoni. Fundo lenyewe halipo, ni picha tu iliyofumwa ndani ya sweta kwa ufundi wa Kiarmenia unaobeba uzi mweusi na mweupe kwa pamoja, ndiyo maana weupe unachungulia kidogo kwenye weusi na sweta halilegei kama masweta ya kawaida. Ukiondoa mzaha, sweta nalo limekwisha. Hicho ndicho unachotafuta.

Nguo ya kuchapwa nayo inaweza kuwa nzuri, ila itazame chapa imekaa wapi. Gauni jeupe la Schiaparelli la mwaka 1937 lina kamba koche mwekundu aliyechorwa na mchoraji Salvador Dalí, na kamba huyo amewekwa mbele ya sketi mahali palipopimwa. Hakuchapwa kwenye jora zima na kukatwa popote mkasi ulipoangukia. Chapa ya Roberta di Camerino ya Venice ilitoa magauni ambayo mkanda, kola, vifungo na hata marinda yote ni ya kuchorwa. Ukiyashika ni kitambaa bapa kabisa, lakini mkanda uliochorwa unaangukia kiunoni hasa na kivuli cha rinda kinafuata mshono. Kwenye nakala duni mkanda hukatika ubavuni na kuendelea sentimita mbili chini yake. Hilo utaliona ukiwa hatua tatu mbali.

Kazi ya namna hii inakula saa za fundi, na saa za fundi ndicho kitu cha kwanza ambacho mwigaji hukikwepa. Kwa hiyo jicho likizoea kutazama ufundi, linakujibia mambo yote matatu: kama mzaha utadumu, kama nguo itadumu, na kama jina lililoko kwenye lebo lina uhusiano wowote na nguo yenyewe.

Majina machache ya kuwa nayo kichwani

Huhitaji kukariri historia ya mitindo. Mbali na Schiaparelli na Roberta di Camerino, mjue Franco Moschino, Mwitaliano aliyeanzisha chapa yake mwaka 1983 na kufariki 1994, aliyefanya suti rasmi kuwa uwanja wa kejeli: jaketi lililopambwa kwa vijiko na uma, maandishi ya dhahabu mgongoni yanayomcheka anayelivaa. Mjue Jean-Charles de Castelbajac wa Ufaransa na koti lake la dubu wa kuchezea walioshonwa wakabanana. Mjue Patrick Kelly, Mmarekani aliyefanya kazi Paris hadi alipofariki mwaka 1990, ambaye alichukua gauni jeusi la kufuma lisilo na makuu na kulijaza vifungo vya rangi na ukubwa usiolingana. Kwenye mikoba kuna Judith Leiber, mwenye vikasha vya wanyama vilivyojaa fuwele, na Enid Collins wa Texas, mwenye visanduku vya mbao vya miaka ya 1960 vilivyobandikwa vito vya rangi. Kwenye skafu kuna Hermès na Emilio Pucci. Tazama picha za kazi zao kwenye makumbusho yanayoweka mikusanyo yao mtandaoni, hasa picha za karibu za kola, vifungo na upande wa ndani. Picha za jukwaani hazikusaidii sana sokoni.

Sokoni

Panga siku kabla ya kupanga hoteli. Soko la Rose Bowl kule Pasadena hufanyika Jumapili ya pili ya mwezi. Portobello Road ya London inajulikana kwa Jumamosi, lakini kwa nguo za zamani siku nzuri ni Ijumaa. Saint-Ouen, pembeni mwa Paris, huchangamka mwisho wa wiki. Wengi hufika Jumanne na kukuta milango imefungwa, kisha wanasema soko limekwisha.

Saa nazo zina maana. Wenye maduka huja alfajiri na kuchukua vilivyo bora, kwa hiyo anayesaka kitu adimu aamke nao. Anayetaka kupunguziwa bei aje saa ya mwisho, muuzaji anapoitazama kazi ya kufunga mizigo. Huwezi kupata vyote viwili siku moja. Na ukiwa kwenye mji usioujua, maduka ya hisani ya mitaa yenye wastaafu wenye uwezo huwa na makabati yaliyohamishwa mazima mazima, wakati mitaa ya vijana imekwisha kuchambuliwa na wafanyabiashara. Nchini Ufaransa tafuta bango la «dépôt-vente», mahali wenye nguo huziacha ziuzwe kwa niaba yao. Kule Japani uliza «furugi», yaani nguo za mitumba.

Beba futi ya fundi, sumaku ndogo, lenzi ya kukuza mara 10, na karatasi yenye vipimo vya nguo zako zinazokukaa vizuri (vya nguo, si vya mwili). Vaa nguo nyembamba inayobana, maana masoko mengi hayana chumba cha kujaribia.

Kwenye reli nguo hukuonyesha bega na mkono tu, na mzaha mara nyingi uko mbele au mgongoni. Ukisubiri kuuona utapita bila kuujua. Tumia mkono: pitisha vidole kwenye mabega na ushike vitambaa, ukisikiliza uzito. Simama penye kola ya umbo lisilo la kawaida, kifungo kinachogonga kwenye henga, au bitana ya rangi kali inayochungulia kwenye ncha ya mkono. Bitana ni mahali ambapo wabunifu wa mzaha hujiachia, na waigaji huweka poliesta nyeusi. Mzunguko wa kwanza uwe wa haraka, ukichomoa nguo kama kumi bila kuuliza bei. Wa pili ndio wa kukagua, kwenye mwanga wa jua, na ndio unaokula muda.

Usiruke trei za vifungo, bruchi na mikanda. Mbunifu ambaye koti lake hutalimudu huenda mkanda wake upo hapo, na vitu vidogo havisumbuliwi na ukubwa wa mwili.

Kujua umri wake

Kosa kubwa ni kuamini dalili moja. Karibu kila dalili hukuambia nguo si ya kabla ya mwaka fulani, haikuambii ni ya mwaka gani. Nguo yenye nyuzi za kuvutika aina ya Lycra haiwezi kuwa ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1950, maana zilivumbuliwa 1958. Alama ya sufu halisi, ule mviringo wa mistari iliyosokotana, ilianza 1964. Lebo ya «West Germany» ni ya kabla ya 1990. Nguo za Marekani zilianza kulazimishwa kuwa na lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua mwaka 1972. Nguo isiyo nayo inaweza kuwa ya kabla ya hapo, au mtu aliikata kwa sababu ilikuwa inamwasha shingo.

Dalili chache ndizo zenye mipaka miwili. Alama ya CC41, zile C mbili zenye umbo la jibini iliyokatwa pembe, iliwekwa kwenye nguo za Uingereza kati ya 1941 na 1952. Lebo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake cha Marekani, ILGWU, ikiwa na rangi nyekundu, nyeupe na bluu, ni ya kati ya 1974 na 1995. Ukiikuta kwenye gauni linaloitwa «la miaka ya 40», mazungumzo yamekwisha.

Huo ndio mtego wa kawaida kuliko yote, yaani gauni la miaka ya 1970 au 1980 lililoshonwa kwa mtindo wa miaka ya 1940. Mabega yapo, kiuno kipo, maua yapo. Angalia zipu kwanza. Kwenye gauni la miaka ya 1940 utaikuta ya chuma na mara nyingi ubavuni. Zipu za nailoni zilienea miaka ya 1960. Kisha fungua pedi ya bega. Ya miaka ya 1940 ni ya pamba au mabaki ya kitambaa, imefunikwa kwa kitambaa cha gauni na kushikizwa kwa mkono. Ya miaka ya 1980 ni ya sponji, nene, na pengine imeshikwa kwa velkro. Mwisho tazama ncha za mishono kwa ndani: zimekatwa kwa mkasi wa meno, zimekunjwa, au zimepitishwa ovaloki (mashine inayozungushia ncha uzi)? Ovaloki peke yake haihukumu, maana viwanda vilikuwa nayo zamani, lakini ovaloki pamoja na zipu ya nailoni na sponji ni ushahidi wa kutosha.

Dalili tatu zisizotegemeana zikikubaliana, amini. Mbili zikikubali na moja ikikataa, chunguza ile inayokataa. Mara nyingi zipu ilibadilishwa, na utaona matundu ya mshono wa zamani kando yake.

Lebo, na waigaji

Hapa mfano wa Moschino unafundisha mengi, kwa sababu jina hilo hutajwa kila soko. Kuna mkusanyo mkuu wa nguo wenye maneno «Moschino Couture!». Kuna «Cheap and Chic», ulioanza 1988. Kuna «Moschino Jeans», uliokuja kuitwa «Love Moschino» mwaka 2008. Yote ni halali, lakini si sawa kwa ufundi wala thamani, na muuzaji akikuambia tu «ni Moschino» hajakuambia kitu. Ndani ya ubavu tafuta lebo ndogo ya kiwanda. Nguo nyingi za chapa hiyo hushonwa na Aeffe, na jina hilo huandikwa hapo. Kwenye nguo za wavu za Jean Paul Gaultier utakutana na jina la Fuzzi. Mwigaji hujitahidi sana kwenye lebo ya shingoni na kuisahau ile ya ubavuni.

Kuna udanganyifu mwingine ambao watu hawaufikirii: lebo halisi iliyohamishwa kutoka nguo nyingine. Ikague kwa lenzi. Uzi ulioishikilia ufanane na uzi mwingine ndani ya nguo kwa rangi na kuchakaa. Lebo isiwe na matundu matupu pembeni. Kitambaa kilicho chini yake kiwe kimehifadhi rangi zaidi kidogo kuliko kinachoizunguka, kwa sababu kimefunikwa miaka yote. Lebo mpya nyeupe kwenye bitana iliyopauka haielezeki.

Kwa vitu vilivyochapwa, Pucci alificha saini «Emilio» kwa mwandiko mdogo ndani ya michoro yenyewe, mara kadhaa kwenye nguo moja. Skafu ya mraba ya kawaida ya Hermès ina upana wa sentimita 90, na pindo lake limeviringishwa kwa mkono kuelekea upande wa mbele. Pindo bapa la cherehani linatosha kukufanya uirudishe.

Na usidhani jina halisi ni dhamana ya ubora. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wabunifu wengi walikodisha majina yao. Pierre Cardin alitoa leseni kwa mamia, kuanzia nguo hadi vifaa vya nyumbani. Soksi yenye jina lake ni halali kabisa na haina la kusema. Kwa maoni yangu, gauni lisilo na jina lenye vifungo vya matunda vilivyochongwa na tundu la kila kifungo limeshonwa kwa mkono ni ununuzi bora kuliko kitu cha leseni chenye jina kubwa. Wauzaji wengi hupanga bei kwa kufuata jina, kwa hiyo usipolifuata unapata nafuu pia.

Kinachoharibika, na kwa nini

Kwenye nguo hizi mzaha ndio hufa kwanza. Kitambaa kinaweza kuishi miaka mia, lakini kilichobandikwa juu yake kina kemia yake. Kagua hapa kwa muda mrefu kuliko popote.

Vipande vya kumetameta vya miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi ni vya jelatini. Vikipata maji huyeyuka, na joto la pasi, hata la mwili kwenye ukumbi uliojaa, huvifanya vijikunje. Lowesha ncha ya kidole uguse kimoja kilichofichika, kwa mfano ndani ya kwapa. Kikinata, nguo hiyo haifuliki kwa maji hata kidogo na haifai kuchezewa ngoma.

Vifungo na bangili za selulosi ya zamani, ile inayoitwa seluloidi, huwaka moto upesi, na zikianza kuoza hutoa tindikali inayotia kutu chuma na kula kitambaa kilicho jirani. Ukipasha kwa kusugua na ikanuka kafuri, ndiyo hiyo. Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni imara zaidi; ikipata maji ya moto hutoa harufu kali ya fomalini. Kuchoma kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri ni upuuzi: unaacha tundu, na kama ni seluloidi unawasha moto mkononi.

Koti la plastiki linalong'aa la miaka ya 1960 hunata kadiri linavyozeeka, kwa sababu kilainishi kilichomo husogea hadi juu. Hali hiyo haina tiba. Kitambaa chenye tabaka la poliyurethani, kinachouzwa kama ngozi bandia, huvunjwa na unyevu wa hewa na kuanza kubanduka magamba. Bana kitambaa kwenye kola na kwapa. Ukiona mipasuko kama ya tope kavu, kiache hata kama kimetundikwa kama kipya. Sponji za mabega na za kuvimbisha mapambo huwa unga wa njano. Hizo zinabadilishika kwa dakika chache, usiziogope.

Hariri inayopasuka kwa mistari kwenye mikunjo, hasa ya kati ya mwisho wa karne ya 19 na miaka ya 1930, iliongezewa chumvi za madini ili iwe nzito. Madini hayo huikata nyuzi zake zenyewe. Ivute taratibu kwa vidole gumba viwili. Ikitoa mlio wa karatasi au ikiachia, irudishe. Hakuna fundi wa kuiokoa, na anayekuambia ataiwekea kitambaa cha nyuma anakuuzia matumaini.

Makwapa yatazame dhidi ya mwanga. Doa la jasho kwenye pamba linaweza kupungua, ila kwenye hariri jasho limekwisha kudhoofisha kitambaa, na utaona kimepungua unene. Sufu itazame kwenye mikunjo ya kola na chini ya mifuko: vitundu na mchanga mweupe ni nondo. Vito vya kubandika kama vya Enid Collins huanguka kwa sababu gundi imekauka. Kimoja au viwili kukosekana si tatizo, lakini nusu ikiwa imekwenda, mchoro nao umekwenda. Kwa vifungo vya ajabu hesabu matundu, kisha hesabu vifungo. Kifungo cha umbo la mkasi au tunda hakinunuliki duka la vifungo. Kikikosekana kimoja, uliza kama kuna cha ziada ndani ya mshono wa pembeni, maana watengenezaji wazuri huweka. Kikikosekana na hakuna cha ziada, unaweza kuhamisha cha chini kabisa kwenda juu na kuweka cha kawaida pale chini, panapoingia ndani ya kiuno cha suruali au sketi, ambako hakionekani.

Sumaku hutofautisha chuma kilichopakwa rangi na shaba, ambayo haivutwi. Haithibitishi mbunifu, lakini inakuambia kutu itatokea wapi.

Ukubwa

Namba kwenye lebo ya zamani ipuuze. Hata leo 42 ya Italia ni takribani 38 ya Ufaransa, 36 ya Ujerumani na 10 ya Uingereza, na kwa nguo za zamani hali ni mbaya zaidi. Laza nguo bapa, pima kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe kwa mbili. Kwa kitambaa kisichovutika, iwe na sentimita 5 hivi zaidi ya kifua chako na sentimita 2 au 3 zaidi ya kiuno. Mabega yakikataa, usinunue, kwa sababu kuyabadilisha ni kulifumua koti lote. Nguo kubwa hupunguzwa. Ndogo huongezwa tu kama kuna akiba kwenye mishono ya ubavuni, na kama rangi iliyojificha humo haijatofautiana na ya nje. Kabla ya kupunguza nguo ya mzaha uliopangiwa mahali, kumbuka kwamba mkanda uliochorwa hautasogea pamoja na mshono.

Mtandaoni

Huku faida yako ni uvivu wa wauzaji. Aliyeandika jina la mbunifu sawasawa amekwisha panga bei. Tafuta jina lililokosewa herufi (Schiaparelli hukosewa kwa kila namna), kisha tafuta kwa kitu chenyewe bila jina: kifungo cha tunda, kola ya umbo la mkono, mkoba wa umbo la simu. Tafuta kwa lugha ya nchi ya mbunifu, maana Mwitaliano anayemwaga kabati la mama yake huandika Kiitaliano. «Trompe l'oeil» hutumika lugha nyingi kwa michoro inayodanganya jicho.

Kabla ya kulipa omba picha tano: nguo nzima ikiwa bapa, makwapa kutoka ndani, lebo ya shingoni pamoja na mshono wake, lebo ya ubavuni, na zipu au kifungo kwa karibu. Omba vipimo kwa sentimita na uulize kama kuna harufu. Ukungu na moshi havionekani pichani na ndivyo vigumu kuvitoa. Muuzaji anayeijua nguo hutuma picha hizo bila kinyongo. Anayejibu «hali ni nzuri kwa umri wake» hajajibu. Picha zenye rangi iliyokolezwa omba zirudiwe karibu na dirisha. Na kama picha ya lebo ni kali kuliko picha zote nyingine, uwezekano ni kwamba imechukuliwa kwingine. Itafute mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe.

Mpakani na nyumbani

Chatu, mamba, gamba la kasa na pembe za ndovu ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mkoba ukiwa wa zamani hauwi huru moja kwa moja. Bila hati unaweza kutaifishwa forodhani. Kofia za manyoya ya ndege wa porini zina sheria kali pia, hasa Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamao. Risiti yenye tarehe na maelezo ya malighafi isikutoke mkononi.

Kitu cha sufu au manyoya usikiingize kabatini siku ya kwanza. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba, na ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko bila kufungua kwa siku nzima, ili umande utue juu ya plastiki badala ya kitambaa. Usigandishe chenye vito vya gundi, seluloidi au plastiki ya kung'aa. Hivyo vitenge tu mbali na sufu, na vikague kila wiki.

Nguo nzito ya mapambo usiitundike. Shanga huvuta mabega hadi yararuke. Ilaze bapa ndani ya boksi, na kwenye kila mkunjo weka karatasi laini isiyo na tindikali iliyoviringishwa. Koti lenye vitu vilivyotokeza lipakie mwisho kwenye sanduku la safari, likigeuzwa ndani nje, na soksi zijazwe kwenye mashimo yaliyo kati ya mapambo. Kwa dobi wa kemikali, mwambie kwa jina kila kilichobandikwa, na umtake ajaribu kiyeyusho kwenye pambo moja lililofichika kwanza. Akisema hakuna haja, ondoka na nguo yako.